Mfano Mmoja Uliouona Mwenyewe

4 Februari

Kwanini wangu,

Barua hii anakuletea dereva wa gari la sampuli, usimcheke. Kila Jumatatu na Alhamisi anabeba damu na mikojo ya wagonjwa wetu kuja kwenye maabara ya hospitali yenu kubwa, na amekubali kuiweka bahasha yangu kiti cha mbele, mbali na visanduku. Nimechoka kukupigia simu ukanijibu "niko raundini, Dada," huku nasikia kijiko kinagonga kikombe.

Tumeletewa tena madaktari wanaosomea ubingwa kama wewe, watatu, kwa miezi minne kama kawaida. Wawili wanapita wodini kama wanakagua gwaride. Wa tatu ni msichana wa umri wako, mwembamba, ana daftari dogo mfukoni, na nesi akisema neno lolote analiandika. Wenzangu wamempa jina la Daftari na mwenyewe anaitika. Juzi aliniuliza mbona huwa natazama miguu ya mgonjwa kabla ya uso. Nina miaka ishirini na mbili wodini na hakuna daktari aliyewahi kuniuliza hilo. Nilimweleza mpaka chai yangu ikapoa.

Mkono wake ni mzito kwenye sindano, kwa hiyo Jumamosi nilimletea chungwa. Tulikaa chumba cha manesi akalichoma mpaka likalowa lote. Nilikukumbuka.

Mwisho wa miezi minne nitamjazia fomu ya tathmini, ile ya kutoa alama moja mpaka tano: anasikiliza wagonjwa, anaandika faili vizuri, anakubali kosa, anaomba msaada kwa wakati. Kuna wanaoijaza wakiwa wamesimama mlangoni na mkoba begani. Mimi naijaza nimekaa, na miwani yangu.

Unakula lakini?

Dada yako

8 Februari

Dada,

Ninakula. Na barua imefika ikinuka dawa ya kuulia vijidudu, mwambie dereva wako asante.

Acha kuniita Kwanini. Dereva aliita jina hilo mapokezi kwa sauti yake yote, na mfanyakazi wa maabara sasa ananisalimia nalo. Nilikuwa mtoto wa kuuliza kila kitu, sawa, lakini sasa kuna watu wanaokaa vitandani wakisubiri majibu kutoka kwangu.

Mimi niko vizuri. Bingwa wetu, yule mkuu wa mafunzo, jana alisimamisha raundi nzima akaniomba nieleze sauti ya moyo niliyoisikia. Bingwa anasema masikio kama yangu ameyaona mara mbili tu. Mwezi wa tisa jopo litakaa na fomu zetu zote na kumchagua mtu mmoja, mmoja tu, wa kwenda kitengo cha moyo. Bingwa hajasema, lakini amenitazama.

Huyo Daftari wako, hajui kuchoma sindano mpaka leo? Na chungwa, Dada? Nilidhani chungwa lile lilikuwa letu, la jikoni kwetu, siku zile Mama alipokuwa anahitaji sindano asubuhi na jioni na mikono ilikuwa yako na yangu tu. Sikujua unatembea nalo.

Natania.

Mdogo wako

21 Februari

Mdogo wangu,

Leo nimezeeka. Mgonjwa wa kitanda cha tisa potasiamu yake ilishuka. Unajua kuliko mimi, dawa ile inachanganywa kwenye dripu na kuingia polepole. Ikisukumwa yote kwa mkupuo, moyo unasimama. Daftari aliivuta kwenye bomba la sindano kama dawa ya kawaida, akainama kwenye mkono wa mgonjwa. Nilikuwa upande wa pili wa kitanda nakunja shuka. Nilimshika kifundo cha mkono. Mgonjwa alidhani tunasalimiana, akatabasamu.

Nilimpeleka stoo ya mashuka akalia, ameegemea rundo la mashuka safi, mpaka ikabidi yarudishwe kufuliwa. Sikumgombeza. Nilimngoja amalize, nikampa maji, tukatoka.

Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Hili libaki kati yetu.

Dada yako

26 Februari

Dada,

Pole. Mgonjwa ni mzima, hilo ndilo la maana.

Ila nimekumbuka kitu. Nilipokuwa na miaka kumi na nne nilidondosha chupa ya dawa ya Mama ikavunjika. Hukunishika kifundo cha mkono. Hukunipeleka stoo. Ulinifokea mlangoni mpaka mama wa nyumba ya pili akaja kuniombea msamaha, na mpaka leo nikishika chupa ya dawa naishika kwa mikono miwili. Wodini wananitania kwa hilo.

Wenzetu wana bahati ya kukosea wakiwa ugenini.

Kazi ni nyingi, naishia hapa.

Mdogo wako

27 Mei

Mdogo wangu,

Umenyamaza miezi mitatu. Dereva ameacha hata kuniuliza, anapita ananipungia tu.

Daftari amemaliza kwetu na anahamia kwenu kuanzia tarehe moja. Nimemwambia wewe upo. Mpokee, hana ndugu huko, na hospitali yenu ina korido ndefu za kumpoteza mtu. Nimemwazima saa yangu ya kifuani, ile ya kubana kwenye sare, kwa sababu yake inasimama, na mapigo ya moyo hayahesabiwi kwa kubahatisha. Ataniletea mwenyewe akipata likizo.

Fomu yake nimeijaza jana. Iliniacha na furaha ambayo sijaipata kazini siku nyingi.

Unakula?

Dada yako

19 Juni

Dada,

Daftari amefika, na nimempokea. Nimemwonyesha kantini, maktaba na lifti isiyofanya kazi.

Uliza manesi wa huku sasa hivi, watakwambia wanampenda nani. Kila tukisimama kitandani: "Sista wangu alinifundisha kutazama miguu kwanza." "Sista wangu anasema mgonjwa anayejibu haraka anaficha kitu." Sista wangu, Dada. Nasimama pembeni nasikiliza maneno niliyokua nayo yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, na Bingwa anatingisha kichwa kwa kuridhika. Wiki iliyopita alisimamisha raundi kumsikiliza yeye. Sauti ya moyo niliisikia mimi kwanza, lakini sikuwahi kusema.

Na saa yako. Nilikuomba ile saa siku niliyoanza chuo. Ulisema ni ya kazi, si pambo. Sasa inaning'inia kifuani mwake, na kila akihesabu mapigo mimi nahesabu pia.

Nisikudanganye: nina wivu. Naamka nao na kwenda nao kazini. Umeniuliza mara mbili kama nakula, jibu ndilo hilo.

Mdogo wako

14 Agosti

Dada,

Hukunijibu barua ya wivu, na ni haki yako. Labda hata haikufaa kujibiwa.

Fomu zimetoka leo. Kila anayesomea ubingwa anajaziwa na wenzake watatu, na aliyejaza haandiki jina lake. Mimi ni mmoja wa waliopewa ya Daftari. Chini kuna mistari mitatu mitupu na maneno haya: "Toa mfano mmoja uliouona mwenyewe." Mwisho wa kurudisha ni kesho saa sita mchana.

Nitakuwa mkweli. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo.

Mdogo wako

18 Agosti

Mdogo wangu,

Barua ya Juni niliisoma mara nyingi kuliko unavyodhani. Nilianza majibu mara tatu. Kila mara nilijikuta nataka kujitetea, nikachana.

Ya juzi imenifikia leo, najua fomu umesharudisha. Lakini nikwambie ninavyofanya, ikufae mara nyingine. Mtu nikimpenda sana, au nikiwa simpendi, natoka nje kwanza, nazunguka jengo, narudi. Halafu naandika kile tu ambacho macho yangu yameona. Nilichosimuliwa sikigusi, hata kiwe kweli tupu.

Nina hakika umefanya hivyo hivyo.

Dada yako

29 Agosti

Dada,

Niko vizuri sana. Nakula, nalala, jana nilinunua viatu vya kazi vipya visivyopiga kelele. Bingwa ameuliza kama nimeshawahi kukaa kwenye kitengo cha moyo hata kwa siku moja.

Daftari hajaonekana raundini tangu Jumatatu. Wanasema ameitwa ofisini. Sijui ni ya nini.

Huko kwenu mvua imenyesha?

Mdogo wako

6 Septemba

Daktari,

Jana niliitwa na jopo la mafunzo. Nilipanda gari la sampuli, kiti kile cha barua zako. Nilipita mlango wa wodi yenu na sikuingia.

Walikuwa watano mezani. Bingwa wako ana sauti nzuri, sasa naelewa. Alinisomea maelezo kutoka fomu moja isiyo na jina: kwamba daktari huyu aliivuta potasiamu kwenye bomba la sindano, kwamba nesi alimshika kifundo cha mkono, kwamba alilia stoo akiwa ameegemea mashuka safi, na kwamba nesi huyo alimficha kwa mapenzi. Aliponyanyua macho akaniuliza kama ni kweli. Nilikuwa nasikiliza barua yangu ikisomwa na mtu mwingine. Mashuka na vyote.

Nikamwambia ni kweli, isipokuwa neno la mwisho. Daftari aliandika kosa lake siku ile ile kwenye kitabu cha matukio, kwa mkono wake, kabla macho hayajakauka. Mimi nilisaini chini yake kama shahidi. Aliliandika tena kwenye fomu aliyojijazia mwenyewe, nami nikalitaja kwenye ile yangu na kumpa tano ya kukubali kosa. Jopo lina karatasi hizo tangu Juni. Nilikuomba libaki kati yetu kwa sababu lilikuwa chozi la mtu. Sikukwambia limefichwa. Hukuuliza.

Kwa hiyo hawakuniitia Daftari. Walitaka kujua nani kati ya watatu waliomjazia fomu alishuhudia kwa macho yake jambo lililotokea Februari, katika hospitali ambayo hajawahi kukanyaga. Anayetunga ushahidi juu ya mwenzake, alisema Bingwa, kesho atatunga juu ya mgonjwa, na mtu huyo hatabaki kwenye mafunzo. Daftari ameapa kwamba hakumsimulia mtu. Wakaniuliza kama mimi nilimsimulia mtu.

Nikasema hapana. Miaka ishirini na mbili nikijaza karatasi za watu, hilo ndilo neno la uongo la kwanza kulitoa mbele ya meza.

Sista wa wodi

8 Septemba

Dada,

Dereva alinipa barua mkononi akaondoka bila utani, nikajua.

Ni mimi. Unajua ni mimi. Nilikaa na fomu ile kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Alama zote nilitaka kumpa mbili, nikashindwa, kwa sababu ni hodari na sikuweza kuandika kwamba si hodari. Nilimpa nne, tano, nne. Halafu nikafika kwenye ile mistari mitatu. Hakukuwa na kitu kibaya nilichokiona mwenyewe, Dada. Miezi miwili na nusu nikimvizia kama polisi, sikuona kitu. Nilichokuwa nacho ni barua yako tu.

Sikutaka afukuzwe. Nilitaka wewe ndiye umwone vibaya. Nilitaka uitwe, uulizwe juu yake, na uione aibu kwa kumpenda. Nimeandika sentensi hii mara ya nne sasa na inatoka hivyo hivyo.

Usidanganye tena kwa ajili yangu. Naenda kwa Bingwa saa nane. Bahasha hii naifunga kabla sijaenda ili nisije nikabadili nia.

Mdogo wako, kama bado

13 Septemba

Dada,

Sikufukuzwa. Bingwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua muda mrefu kufuta miwani. Alisema kama ningengoja wanipate wenyewe, tungekuwa tunazungumzia kufunga mizigo yangu. Narudia miezi minne yote katika wodi ya kawaida, chini ya wale wa mwaka wa kwanza, na kila nitakachoandika kwenye faili nesi wa zamu atasaini pembeni. Kitengo cha moyo amepewa Daftari. Kuhusu wewe, nimewaambia ulisema hapana ili kunilinda. Aliandika kitu, akasema atakuandikia mwenyewe. Najua itakuwa barua ya onyo, na najua faili lako halijawahi kuwa na moja. Sina neno la kutosha kwa hilo.

Niliambiwa pia nimwombe Daftari msamaha. Nilimkuta kantini. Nilimwambia yote, hata habari ya chungwa na saa. Alinisikiliza na daftari lake limefungwa. Kisha akasema: "Unajua alivyokuwa ananifundisha? 'Mdogo wangu alilichoma chungwa hivi. Mdogo wangu angekuwa ameshauliza.' Kila siku mdogo wangu. Nilifika hapa nikiwa nakuonea wivu hata sijakuona."

Hakusema amenisamehe. Alimaliza chai yake akaenda kazini. Kabla hajaondoka aliibandua saa yako akaiweka mezani, akasema nimpe mwenyewe. Ninayo. Sijaivaa.

Mdogo wako

17 Septemba

Mdogo wangu,

Barua ya onyo imefika. Nimeiweka kwenye faili langu mwenyewe, maana funguo za kabati ninazo mimi. Usinililie, niliistahili.

Sasa na mimi niseme langu, nisikuachie mzigo wote. Nilijua unaumia. Tangu barua yako ya kwanza, ile ya "natania". Nikaendelea. Habari ya saa sikuhitaji kukuandikia. Ningeweza kumwazima kimya kimya. Nilikuandikia ili ikuchome.

Tangu uvae koti refu la daktari hujaniuliza swali hata moja. Wewe, uliyenifanya nitembee na vidonge vya kichwa kwa ajili ya maswali yako. Kila barua Bingwa anasema, Bingwa amesikia, Bingwa ametazama. Mikono ile juu ya chungwa ilikuwa yangu, na sijawahi kusikia ukisema kwa mtu yeyote kwamba sista alikufundisha. Daftari alipokuja na maswali yake nilikuwa na njaa ya kuulizwa, nikamlisha yeye huku nakutazama wewe. Wivu wangu kwa Bingwa, mtu ambaye nilikuwa sijamwona bado, umetufikisha hapa sawasawa na wako.

Zipo fomu tupu nyingi kwenye droo, nimekujazia moja. Nilizunguka jengo kwanza, mara mbili. Kusikiliza wagonjwa: tano, nilikuona ukiwa na Mama. Kuandika faili vizuri: tano, barua zako zinasomeka. Kukubali kosa: nne, moja nimeikata kwa sababu ulichelewa. Kuomba msaada kwa wakati: hapo sikujaza. Sijawahi kukuona ukifanya, na mimi naandika nilichokiona.

Saa ivae. Ni ya kazi.

Dada yako

1 Oktoba

Dada,

Nina mgonjwa kitanda cha sita, fundi wa nguo aliyestaafu, moyo wake mchovu. Asubuhi anapumua vizuri, anatania, miguu haijavimba, nimeitazama kwanza. Kila siku baada ya saa ya kutembelea wagonjwa anaanza kuhema, na jioni miguu imejaa. Vipimo nimerudia mara tatu. Dawa zake ni sahihi, nimeangalia kila moja. Mke wake anakuja na kikapu chake, anamkalia karibu, anamfunika blanketi mpaka kiunoni, anaondoka. Siku tano sasa sielewi.

Manesi wanajua. Naona wanavyotazamana nikisimama pale na faili. Sista wa zamu anasaini pembeni ya maandishi yangu, anafunga kalamu, anabaki amesimama kidogo, kama mtu anayesubiri kitu kutoka kwangu, kisha anaenda zake. Leo nilifungua mdomo. Nikamuuliza kama kuna karatasi za kuchapia.

Hata hapa nimeandika na kufuta mara nyingi. Si dawa inayonishinda, Dada. Nimesimama mbele ya mtu anayejua, na saa yako kifuani, na sijui neno la kwanza ni lipi.

Mtu anaanzaje kuuliza?

Kwanini